Anayefukuzwa habwagi manyanga

Kocha akitimuliwa leo jioni, kesho asubuhi vijiwe vyote vya Tabora, kuanzia Isevya hadi stendi, vinasema "amebwaga manyanga". Hapana. Msemo huo ni wa anayeacha kazi mwenyewe; aliyetimuliwa hakubwaga kitu. Na wiki hiyohiyo utamsikia mwingine akitazama picha ya vibuyu vilivyokamatwa nyumbani kwa mtu, anasema: "Manyanga hayo, ndiyo uchawi wenyewe." Neno moja, makosa mawili, na yote mawili yanatokana na kutokijua chombo chenyewe.

Manyanga ni vibuyu vidogo vilivyokaushwa, vyenye mbegu ngumu au vijiwe ndani na mpini wa kushikia, ambavyo mganga au mchezaji ngoma huvitikisa. Mara nyingi yanakuwa mawili, moja kila mkono. Si njuga, maana njuga ni kengele ndogo za chuma za kuvaa miguuni. Si misewe, ambayo nayo hufungwa miguuni lakini ni vifuko vya ukindu vyenye mbegu. Wala si kayamba, ambalo ni bapa, la matete, na hushikwa kwa mikono miwili.

Sasa tuje kwenye kitenzi, maana ndiko mambo yanakoharibikia. Kubwaga si kuweka, wala si kuacha tu. Ni kukishusha kwa kishindo kitu ulichokibeba: mzigo wa kuni kutoka kichwani, robota la tumbaku kutoka begani. Kwa hiyo kuna masharti mawili. Kwanza, kitu kiwe mikononi mwako au mwilini mwako. Pili, anayekishusha ni wewe mwenyewe, kwa kuchoka au kwa kuamua. Mwizi akikupokonya mzigo, hujaubwaga. Kibwagizo cha wimbo nacho kinatoka humohumo: kiongozi anabeba ubeti peke yake, akifika mwisho anaushusha, na waitikiaji wanaudaka.

Geuza kitenzi kuwa cha kutendwa, uone kinavyobadilika. Kubwagwa ni kuangushwa, kama kwenye mieleka au kwenye uchaguzi. Kocha anaweza kabisa kubwagwa na uongozi wa klabu. Lakini hapo kilichopigwa chini ni kocha, si manyanga. Lugha imempa mtangazaji wa michezo maneno mawili yaliyo wazi, naye anachukua lisilohusika.

Na kwa nini yawe manyanga, isiwe ngoma au njuga? Kwa sababu katika ngoma ya uganga manyanga hukaa mkononi mwa anayeongoza shughuli. Mpiga ngoma akichoka, mwenzake anaketi mahali pake, na mdundo haukatiki. Anayeshika manyanga ndiye anayeanzisha wimbo, anayeuliza, anayepandisha kasi na kuishusha. Akiyatupa chini, hakuna wa kumfuata. Ndiyo maana msemo huu unamfaa mtu aliyekuwa na madaraka akayaachia mwenyewe: mwenyekiti anayejiuzulu, bondia anayeamua kutopanda tena ulingoni, kocha anayeandika barua.

Chombo chenyewe hakitengenezwi kwa kubahatisha. Kibuyu huachwa shambani mpaka kikonyo kikauke. Ukikikata kibichi kitasinyaa na ganda litakuwa laini, na ganda laini halilii. Kikishakauka hutobolewa juu na chini, nyama na mbegu zake zikatolewa, kisha kikasuguliwa ndani kwa mchanga na maji, kwa kuwa uzi wowote wa nyama unaobaki unameza sauti. Mbegu za kutia ziwe ngumu na za ukubwa unaolingana. Wengine hutia punje za mahindi, na baada ya miezi michache dumuzi wamezigeuza unga. Ukitikisa unasikia kama mtu anayepepeta pumba. Kokoto zenye ncha hulia vizuri sana, kisha hupasua ganda. Na usijaze: robo ya kibuyu inatosha, ikizidi mbegu hukosa nafasi ya kuruka. Kijiti hupitishwa tundu hadi tundu, na mianya huzibwa kwa nta, ambayo kwa watu wa Sikonge na Urambo haijawahi kuwa bidhaa ya kutafutwa mbali. Wakati wa masika ganda hunywa unyevu na sauti inafifia, kwa hiyo huotwa moto kidogo kama inavyootwa ngozi ya ngoma. Yakisogezwa karibu mno, nta inayeyuka na mpini unacheza.

Kinachotikisika ni kifundo cha mkono. Mbegu hugonga ukuta wa mbele, zikarudi na kugonga wa nyuma, kwa hiyo kila mtikiso una milio miwili, mmoja mkali na mmoja hafifu. Mganga anayejua huuliza swali lake juu ya mtikiso wa polepole, halafu anakata ghafla. Kimya hicho ni sehemu ya kazi, kwani ndipo jibu linaposikika.

Kwenye kupunga pepo mambo ni marefu zaidi. Kupunga asili yake ni kupeperusha, kama unavyopunga kitambaa, na shughuli hii haianzi kwa kumfukuza pepo bali kwa kumwita ajitaje. Kila pepo ana wimbo wake na mdundo wake. Huanza taratibu, mgonjwa asipoitika, wimbo hubadilishwa. Mabega yakianza kutikisika, wimbo huohuo unashikiliwa. Kosa la wasiozoea ni kukimbilia kasi mapema: mgonjwa anachoka kabla pepo hajasema jina wala anachotaka.

Hapa wapo wanaoamini kwamba mlio wenyewe ndio unaopandisha pepo, kama dawa inavyopandisha usingizi. Mwaka 1962 mtafiti Andrew Neher alieleza kwamba mdundo wa ngoma huuvuta ubongo ufuate mwendo wake. Mwaka 1980 Gilbert Rouget, mtaalamu wa muziki wa Ufaransa, akaonyesha tatizo lililo wazi kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria: ingekuwa hivyo, wapiga ngoma wangekuwa wa kwanza kuanguka, nao kwa kawaida hawaanguki. Mlio unafanya kazi kwa anayejua wimbo ule ni wa nani na yeye mwenyewe yuko pale kwa sababu gani.

Na ndiyo sababu kuyaita manyanga uchawi ni kosa. Mchawi anafanya kazi kwa siri, hana haja ya wimbo wala waitikiaji. Manyanga yanasikika nyumba ya kumi, na mlio wake unawaambia majirani kwamba kuna mgonjwa anashughulikiwa. Kinyamwezi kimetenga mfumu, yaani mganga, na mlogi, yaani mchawi, na Kiswahili kimetenga kuganga na kuroga. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilitaja vifaa vya uchawi kwa upana, lakini Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilimpa mganga nafasi yake ya kusajiliwa. Wapiga ramli chonganishi wapo, nao wamesababisha vifo vya watu wasio na hatia kanda hii. Wao wanastahili kuitwa kwa jina lao. Kibuyu chenye mbegu hakijui kimeshikwa na nani.

Kwa hiyo, ndugu watangazaji na wanakijiwe: kocha akiandika barua mwenyewe, semeni amebwaga manyanga. Akiikuta barua mezani, semeni ametimuliwa, au amebwagwa mkipenda.