Mzazi ana saratani ya kinywa: mambo ya kukamilisha kabla hajakatwa

Majibu yakishatoka kwamba Mama au Baba ana saratani ya kinywa, familia huanza kutafuta hospitali usiku uleule. Mmoja anampigia binamu aliye Muhimbili, mwingine ameshaulizia bei za India. Kazi yangu ni upasuaji wa kinywa na taya, na ningependa mwanzie kwingine: je, ugonjwa umepimwa kiasi cha kutosha kupangiwa tiba? Saratani hii huponyeka zaidi kwa tiba ya kwanza. Ikiondolewa nusunusu ikarudi, inarudi kwenye makovu, pengine mahali palipokwisha kupigwa mionzi, na upasuaji wa pili hukata zaidi huku ukiponya wachache.

Anzeni na ripoti ya kinyama, yaani kipande kilichokatwa kidondani kikapimwe maabara. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa hutokana na seli bapa za utando unaofunika ulimi, ufizi na mashavu. Ripoti inayotosha hutaja sehemu kinyama kilipotoka, aina ya saratani, daraja lake (seli zimebadilika kiasi gani), na kama imepenya chini ya utando. Ikisema tu kwamba kuna uvimbe wa kawaida wa kidonda, ilhali kidonda chenyewe kina sentimeta 3, ni kigumu kukishika na kimekaa miezi, msishangilie. Mara nyingi kinyama kimechukuliwa katikati palipokufa, au juujuu tu. Kinatakiwa kipande cha ukingoni, kidonda kinapopakana na nyama nzima, kiende chini kiasi. Kirudiwe.

Kwetu ndugu ndiye hupewa kichupa apeleke maabara, kwa hiyo jueni mnachobeba. Nyama iwe imezama kwenye fomalini ya asilimia 10, dawa iwe mara 10 ya ukubwa wa nyama. Maji ya chumvi hayahifadhi, inaoza njiani. Msigandishe kwenye friza, wala msikiache juani ndani ya gari. Jina, sehemu kilipotoka, tarehe na fomu visomeke. Majibu yakitoka, ulizieni bloku ya nta (iliyogandishiwa kinyama) na slaidi (vioo vyenye vipande vyake vyembamba) zinahifadhiwa wapi, maana hospitali nyingine makini itataka kuzisoma upya. Maneno hayahitaji ugomvi: “Shikamoo daktari. Tunaomba kuazima bloku na slaidi za Mama, zisomwe pia kule anakopelekwa.” Daktari anayejua kazi yake haoni hilo kuwa dharau.

Kuna makosa matatu yanayofanyika katika siku hizi za mwanzo kwa nia njema. La kwanza ni kung’oa jino linalotikisika katikati ya uvimbe wa ufizi. Jino linalegea kwa sababu uvimbe unakula mfupa. Likitoka, pengo halifungi na saratani inapata mlango wa kushuka ndani ya taya. La pili ni kukata tezi iliyovimba shingoni “ili ipimwe”. Tezi ya shingo hupimwa kwa sindano nyembamba, ikiwezekana kwa kuongozwa na ultrasaundi, kwani kuikata huvuruga tabaka ambazo mpasuaji atazihitaji zikiwa safi. La tatu ni kidonda kukatwa chote kwenye kliniki ndogo kabla ya kupigwa picha. Hapo hakuna tena anayejua mpaka wake wa awali ulikuwa wapi.

Picha inayohitajika kwa wengi ni CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) ya shingo na kifua, yenye dawa ya kuchoma mshipani. Pimeni kriatinini kwanza kuona figo kama zitaihimili dawa hiyo, na mzee wa kisukari anayetumia metformini amwambie fundi wa picha mapema. Kwa ulimi, MRI (picha ya sumaku) huonyesha vizuri zaidi jinsi uvimbe ulivyozama kwenye misuli. Kwa ufizi, ongezeni eksirei ya taya zima. Ombeni CD yenye faili zenyewe; filamu tatu ndani ya bahasha hazimtoshi anayepanga kukata taya.

Kina ni jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Tangu upangaji wa hatua ulipobadilishwa mwaka 2017, hatupimi upana peke yake. Kidonda cha ulimi chenye sentimeta 1.5 kilichozama milimita 8 ni T2 (T ni alama ya ukubwa wa uvimbe, 1 hadi 4), ingawa kwa macho kinaonekana kidogo. Kinachozidi sentimeta 2 lakini hakizidi 4, kikizama zaidi ya milimita 10, ni T3. Kina hicho ndicho kinachotuambia kama shingo nayo iguswe, hata ikiwa haina tezi inayoshikika. Katika utafiti wa hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, India, uliochapishwa mwaka 2015, wagonjwa wa hatua za mwanzo waliosafishwa tezi za shingo pamoja na upasuaji wa kinywa walikuwa hai asilimia 80 baada ya miaka 3. Waliosubiriwa mpaka tezi zijitokeze walikuwa asilimia 67.5. Kwa hiyo mkiambiwa kidonda cha ulimi kilichozama milimita 6 kitatolewa na shingo “tutaiangalia baadaye”, ombeni sababu yake.

Sasa ndipo suala la hospitali linapoingia. Kwa Tanzania, upasuaji mkubwa wa kinywa na taya upo Muhimbili, na mionzi inapatikana Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Kenya kuna Hospitali ya Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta jijini Nairobi, na Moi kule Eldoret. Jina la hospitali peke yake halitoshi. Ulizeni kama kesi itajadiliwa kwenye jopo, yaani mpasuaji, daktari wa mionzi, wa dawa za saratani, wa picha na wa patholojia wakiwa meza moja, na jopo hilo linaketi siku gani. Mpasuaji mwulizeni anafanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka, nani ataziba pengo, na atalizibia nini. Pengo dogo hushonwa tu. Pengo la nusu ulimi huhitaji ngozi ya mkono au ya paja pamoja na mishipa yake. Taya lililokatwa huweza kujengwa kwa mfupa wa mguu. Na pasipo na wa kuunga mishipa kwa hadubini, msuli wa kifuani uliopinduliwa juu ni njia ya zamani na inayoaminika. Ninachokihofia ni mpasuaji asiye na njia yoyote ya kuziba, kwa sababu huyo hujikuta anakata kidogo ili aweze kushona. Nyama nzima inayozunguka uvimbe inapaswa kukatwa nayo takriban sentimeta 1 kila upande, chini ikiwemo, ili baada ya kusinyaa kwenye fomalini patholojia ipate angalau milimita 5 zilizo safi.

Ripoti ya pili, ya baada ya upasuaji, ina uzito kuliko ya kwanza. Tafuteni humo mambo haya: ukingo safi ni milimita ngapi, kina ni milimita ngapi, tezi ngapi zimehesabiwa na ngapi zina saratani, na kama saratani imepasua ganda la tezi. Shingo iliyosafishwa vizuri kwa kawaida hutoa tezi 18 au zaidi. Ukingo wenye saratani au tezi iliyopasuka ganda humaanisha mionzi pamoja na sisplatini, dawa ya saratani ya dripu, kama figo, masikio na nguvu za mgonjwa zinaruhusu. Kipimo cha kusikia kifanywe kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu dawa hiyo huweza kuharibu masikio kwa kudumu.

Hapa kwenye mionzi ndipo wengi hupotezea walichopata kwa kisu. Mionzi inapohitajika baada ya upasuaji ianze ndani ya wiki 6. Foleni ikiwa ndefu na faili likapelekwa kwa daktari wa mionzi baada ya mshono kupona, wiki 6 zinapita mkiwa bado mnatafuta tarehe. Mzazi aonwe na daktari wa mionzi kabla ya upasuaji, na nafasi iombwe mapema. Kuifuta ni rahisi kuliko kuipata. Dozi ya kawaida ni Gy (grei, kipimo cha mionzi) 60 kwa vipindi 30, siku 5 kwa wiki. Wenye hatari kubwa hufikia Gy 66 kwa vipindi 33. Kila kipindi ni dakika chache, lakini kukatiza ni ghali sana, kwani seli zilizobaki hutumia siku za mapumziko kuzaliana. Mashine ikiharibika au sikukuu ikiangukia katikati ya wiki, muulizeni daktari siku hiyo itafidiwaje: Jumamosi, au vipindi viwili siku moja vikiachana angalau saa 6. Pangeni chumba karibu na hospitali kwa wiki hizo zote. Mzee anayetoka Mkuranga au Bagamoyo kila asubuhi huanza kukosa vipindi ifikapo wiki ya nne, kinywa kinapokuwa kimechubuka.

Meno yashughulikiwe kabla ya hapo. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi hauponi vizuri baada ya jino kung’olewa, hata ikipita miaka, na huweza kufa na kuoza. Meno mabovu yaliyo nje ya uvimbe yang’olewe wiki 2 hadi 3 kabla ya mionzi. Vizuri zaidi yatolewe akiwa amelala kwenye upasuaji uleule, maana hapo jeraha lina muda wa kufunga. Mengine yasafishwe, yazibwe, na apake floridi kila siku.

Msikubali tiba ya dripu, yaani kemikali za saratani, ianze ili tu “kupooza” wakati mnasubiri upasuaji unaowezekana. Kemikali za kawaida kabla ya kisu hazijaongeza uhai kwa saratani ya kinywa inayoweza kukatwa, na mgonjwa hufika mezani akiwa amedhoofika. Juni 2025 Marekani iliidhinisha pembrolizumabu kabla na baada ya upasuaji kwa baadhi ya wagonjwa, lakini hiyo ni dawa ya kinga ya mwili, haifanani na hizo nyingine, na bei yake ni kubwa. Dawa za miti shamba nazo nimeshazisikia zote. Ninachoomba ni kwamba zisile wiki hizi.

Kwa wanaofikiria India: kuna vituo vinavyofanya upasuaji huu kila siku, na kwa taya kubwa linalohitaji mfupa inaweza kuwa uamuzi mzuri. Makadirio ya gharama yatoke hospitali yenyewe kwa maandishi, si kwa wakala, na yataje mionzi kama imo. Afanyiwe yote mawili huko, au nafasi ya mionzi nyumbani iwe imethibitishwa kabla ya kupanda ndege. Arudi na maelezo ya upasuaji, ripoti ya patholojia, bloku na CD.

Lishe isisubiri mtaalamu. Mpimeni uzito leo, kisha kila Jumatatu kwa mizani ileile. Anahitaji takriban kilokalori 30 hadi 35 na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo, kwa siku. Mama wa kilo 60 ni karibu kilokalori 2,000 na protini gramu 72 hadi 90. Uji mweupe wa mahindi hauwezi kufika hapo hata akinywa mchana kutwa. Upikwe kwa maziwa, utiwe karanga zilizosagwa laini, yai, mafuta, unga wa dagaa uliochekechwa. Parachichi lisagwe na mtindi. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, glasi ya maziwa 8, kwa hiyo hesabu inawezekana jikoni. Akishindwa kumeza nusu ya mahitaji yake, mpira wa puani uwekwe mapema. Ila aliyekaa siku 5 au zaidi bila kula asilishwe kwa pupa. Aanzishwe kidogo hospitalini huku chumvi za damu zikipimwa. Kwa kusukutua, lita 1 ya maji safi, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya kupikia (si magadi wala hamira), mara 4 hadi 6 kwa siku.

Sigara, ugoro na tambuu viachwe sasa. Watu wa Pwani huniambia tambuu isiyo na tumbaku haina neno. Popoo, kokwa inayotiwa kwenye tambuu, peke yake imethibitika kusababisha saratani, na kuvuta sigara wakati wa mionzi hupunguza kazi ya mionzi.

Bima ihakikiwe kabla ya kila hatua: rufaa iwe na tarehe hai, na kibali cha upasuaji na cha mionzi viombwe kila kimoja peke yake. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo apelekwe ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, na barua ya serikali ya mtaa mkononi.

Chagueni mtoto mmoja wa kusema na madaktari, mwenye daftari lenye tarehe, namba ya faili na maswali. Lakini mzazi asisemewe kana kwamba hayupo. Kumficha Baba jina la ugonjwa wake, kisha kumtaka akubali kukatwa nusu ya ulimi, ni kumwonea. Na asiyejua anachotibiwa ndiye huacha mionzi katikati. Aulizwe pia anachokiogopa zaidi, maana mwingine yuko tayari kwa kisu ila si kwa kulishwa kwa mpira, na hilo hubadilisha mpango.

Jopo likisema haiwezi kuondolewa, ombeni hapohapo kliniki ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso. Mofini ya maji hunywewa kila saa 4, si mpaka maumivu yarudi, na dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Kwa aliyemaliza tiba, mwaka wa kwanza aonwe kila mwezi 1 hadi 3, shingo ishikwe kila mara, na aliyepigwa mionzi shingoni apimwe homoni ya thairoidi kila miezi 6 hadi 12. Kidonda kipya kikikaa wiki 2, msisubiri tarehe ya kliniki.