Rangi ya almasi: tunayoambiwa dukani na ukweli wake

"Almasi halisi haina rangi kabisa." Maneno haya yamewaponza wengi, maana mtu akiona umanjano kidogo anadhani kauziwa bandia. Kwa kweli almasi nyingi za vito zina umanjano au ukahawia wa mbali. Umanjano huo unatokana na naitrojeni iliyonaswa humo wakati kito kinajiumba chini kabisa ardhini. Kama unachotaka ni weupe wa pee tu, zirikonia ya kiwandani utaipata kwa bei ya chee, na si almasi.

"Chukua D, ndiyo bora." Herufi hizo ni za kipimo cha rangi, na kinachotumika zaidi ni cha taasisi ya vito ya GIA ya Marekani, kilichoanza miaka ya 1950. Kinaanzia D hadi Z. A, B na C ziliachwa kwa sababu wafanyabiashara walishazitumia, kila mmoja kwa namna yake. D, E na F hazina rangi. G hadi J zinakaribia hapo. Kuanzia K umanjano unaanza kujitokeza.

Ambalo muuzaji hulisahau ni namna herufi hiyo inavyopatikana. Mpimaji hukilaza kito kifudifudi juu ya kibao cheupe, chini ya taa maalumu, akakilinganisha na vito vya mfano. Sasa, nani anavaa pete kifudifudi? Kikigeuzwa uso juu, mwanga unaorudi machoni huifanya tofauti ya herufi moja au mbili iwe ngumu mno kuiona.

Kwa hiyo muulize sonara kwanza kito kitakaa kwenye nini. Katika dhahabu ya manjano, K au L huonekana nyeupe vizuri, kwani dhahabu inayoizunguka ina umanjano kuliko yenyewe. Kulipia D uiweke humo ni kutupa hela. Kwenye dhahabu nyeupe au platini umanjano haujifichi, na hapo G au H inatosha. Tazama na umbo. Almasi ya duara huficha rangi, ile ya mstatili iliyokatwa kwa ngazi huianika, na yenye umbo la yai huikusanya kwenye ncha. Ukubwa nao, unaopimwa kwa uzito wa karati: J ya nusu karati haimsumbui mtu, J ya karati tatu utaiona.

"Isiyo na rangi ndiyo inayometa." Hapana, kumeta ni kazi ya mkataji. D iliyokatwa ovyo hupooza mbele ya H iliyokatwa vizuri. Na zile cheche za rangi za upinde wa mvua ni mwanga mweupe uliotawanyika, si rangi ya kito.

"Ikiwaka buluu kwenye taa ya kukagulia noti, ni feki." Almasi nyingi tu halisi huwaka chini ya miale ya urujuanimno ya taa kama hiyo, na mara nyingi kwa buluu. Kwa kito cha I au J, mwako huo unaweza kupunguza umanjano juani, na mara nyingi bei yake iko chini kidogo. Mimi ningeichukua bila wasiwasi. Chache zenye mwako mkali sana huonekana kama zina ukungu, kwa hiyo toka nayo nje mchana uitazame kabla hujalipa.

"Rangi hushusha bei." Ni kweli, lakini ndani ya D hadi Z. Nje ya hapo, kwa rangi kama waridi na buluu, mambo hugeuka. Mwaka 1947 mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakaiweka katikati ya pini ya kifuani yenye umbo la ua. Uwaridi wa namna hiyo hauletwi na naitrojeni. Hutokana na mpangilio wa ndani wa kito kupindishwa na mgandamizo. Buluu nayo huletwa na elementi ya boroni.

"Pete yangu imefifia, rangi imebadilika." Almasi haichujuki kwa kuvaliwa. Ila inapenda mafuta kupita kiasi, hata migodini ilitenganishwa na mawe mengine kwa meza zilizopakwa grisi. Losheni na sabuni za kila siku hujipaka upande wa chini, mwanga ukakosa njia. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kisha isugue kwa mswaki laini, hasa kwa nyuma.