Mekatilili si kofi tu, wala Mwana Kupona si utii tu

Muulize mtu wa Malindi habari za Mekatilili wa Menza, atakuanzia na kofi: alimzaba Mzungu mbele ya watu. Muulize wa Lamu habari za Mwana Kupona, atakwambia ni yule bibi aliyetunga utendi, shairi refu, wa kuwafunza wanawake kumtii mume. Wote wawili wamefupishwa mno. Haya hapa yanayosemwa juu yao, na majibu yangu.

"Mekatilili alikuwa malkia wa Wagiriama."
Wagiriama, watu wa pwani ya Kenya, hawakuwa na mfalme wala malkia. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa kaya, vijiji vyao vitakatifu vya msituni. Mekatilili, aliyezaliwa akaitwa Mnyazi, alikuwa mjane mtu mzima asiye na cheo cha kurithi. Alichokuwa nacho ni ulimi wa kusimama mbele ya halaiki na kusikilizwa, na kifudu, ngoma ya mazishi yenye heshima kubwa, aliyozunguka akiicheza kijiji hadi kijiji huku watu wakimfuata. Kwangu mimi, kumvika taji ni kumpunguza. Malkia hutiiwa kwa sababu ni malkia. Huyu alitiiwa bila ya kuwa na haki ya kumwamrisha mtu.

"Alimpiga kofi Mzungu aliyetaka askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia."
Mkutano unaosimuliwa ulikuwa Agosti 1913, na vita vile vilianza mwaka mmoja baadaye. Arthur Champion, ofisa wa serikali ya kikoloni, alikuwa akitafuta kodi na vijana wa kufanya kazi za mashamba ya Wazungu. Husimuliwa kuwa Mekatilili alitokea na kuku na vifaranga vyake, akamwambia Champion ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone. Baada ya hapo wasimulizi hawakubaliani: kwa huyu kuku anadonoa, kwa yule inalia bunduki, kwa mwingine ndipo kofi. Ni masimulizi ya mdomo, matamu, na yasimuliwe hivyo hivyo.

Lakini kilichoinyima serikali usingizi ni kiapo. Mwaka huo, Kaya Fungo, wanawake waliapishwa kiapo kiitwacho mukushekushe na wanaume kile kiitwacho fisi: hapana kulipa kodi, hapana kutoa kijana aende kazini, hapana kushirikiana na viongozi waliowekwa na serikali. Viapo hivyo viliogopwa kweli kweli, kwani aliyevunja aliamini kitamuua. Wale viongozi wakabaki na vyeo vitupu.

"Aliongoza vita vya Wagiriama vya 1914."
Tarehe zinakataa. Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mwenzake katika upinzani, Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, magharibi kabisa ya nchi. Januari 1914 walitoroka wakarudi kwao kwa miguu, mamia ya kilomita (safari ile peke yake ingetosha kumpa mtu jina). Agosti serikali ikaibomoa Kaya Fungo kwa baruti, mapigano yakalipuka, naye akatiwa mbaroni tena mwaka huohuo. Waliopigana ni vijana ambao majina yao ni nadra kutajwa, na kumpachika yeye upinde mkononi ni kuwaibia. Kazi yake yeye aliifanya kabla risasi haijalia.

"Alifia kifungoni."
La. Alirudi kwao 1919, akaongoza baraza la wanawake Kaya Fungo. Amezikwa Bungale, Magarini.

"Mwana Kupona ni mtu wa Lamu."
Lamu ndiko alikofia. Alizaliwa kisiwa cha Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji wa kisiwani humo, aliyewasumbua sana watu wa Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar.

"Utendi wake ni wa kumtii mume, basi."
Anayesema hivyo kasoma katikati tu. Utendi ni wa 1858. Bwana Mataka ameshafariki, na mtunzi mwenyewe anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Anamwita bintiye aje na wino na karatasi, na hapo tayari mwanamke ameshika kalamu. Wanaodai kuwa wanawake wa visiwani hawakujua kuandika wangeanza na beti hizo. Wasia unaanza na dini, kisha adabu, kisha ukweli. Mume anakuja baadaye, ndiyo, na kwa mkazo mkubwa. Sitaki kumgeuza mama huyu kuwa mwanaharakati wa leo. Hata anamwonya binti asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi, maneno ya mwanamke wa tabaka la juu wa zama zile. Sehemu kubwa inayofuata ni dua: kujiombea afya, kuwaombea wanawe na ndugu zake. Na karibu na mwisho anawaita wanawake wote wausome utendi ili wauelewe maana, na papo hapo anawaambia tena wawatii waume zao. Yote mawili ni yake.