Mnyoo hujuaje kwamba ana njaa? Maswali na majibu kuhusu mafuta, neva na hamu ya kula

Ni mnyoo gani huyu, naye anahusianaje na afya ya mtu?

Anaitwa Caenorhabditis elegans. Huishi penye mimea inayooza, hula bakteria na hamdhuru mtu. Akikomaa hufikia milimita 1 hivi, na mwili wake unapitisha mwanga, kwa hiyo chini ya hadubini unamwona akimeza angali hai. Mnyoo mwenye jinsi zote mbili ana seli za neva 302, na 20 kati ya hizo zimo kwenye koromeo. Kemikali nyingi zinazomwongoza katika kula zimo pia mwilini mwetu.

Anakulaje?

Anapampu. Koromeo ni mrija wa misuli: misuli ikijikaza, mrija hufunguka na kufyonza maji yenye bakteria, ikilegea, maji hutoka na bakteria hubaki. Mwisho wa koromeo kuna kinu kidogo kinachowasaga kabla hawajaingia utumboni. Penye chakula tele hupampu mara 200 hadi 300 kwa dakika. Pasipo chakula, kasi hushuka sana.

Ni kemikali zipi zinazoamua kasi hiyo?

Asetilikolini ndiyo inayoamrisha misuli ijikaze, ikipitia kipokezi (protini ya seli inayopokea ujumbe wa kemikali) kiitwacho EAT-2. Mnyoo mwenye hitilafu kwenye jeni ya kipokezi hicho hupampu polepole na hukonda, lakini huishi muda mrefu kuliko wenzake, kwa kuwa anakula kidogo. Glutamati hufanya kazi ya pili: huilegeza misuli kwa wakati wake, ili mzunguko mwingine uanze.

Juu ya hizo kuna kemikali za habari. Serotonini hutangaza kwamba chakula kipo, na kasi hupanda hata ukiiweka wewe kwenye sahani isiyo na bakteria. Oktopamini, inayofanana na noradrenalini yetu, hufanya kinyume: hupunguza kupampu, kama vile mnyoo amekosa chakula. Dopamini humpunguzia mwendo anapogusa bakteria. Aliyekaa na njaa hupunguza mwendo zaidi, na hapo inayohusika ni serotonini.

Mafuta yanaingia wapi?

Watu wamezoea kuyafikiria mafuta kama akiba tu. Baadhi yake ni wajumbe. Anandamidi, kwa mfano, hutengenezwa kutokana na asidi ya arakidoni, mafuta yenye kaboni 20 yaliyomo kwenye utando wa seli. Serotonini huwekwa akiba kwenye vifuko vidogo ikisubiri kutolewa. Anandamidi hutengenezwa pale inapohitajika, kisha kimeng'enya huivunja.

Mnyoo akipewa anandamidi, hula zaidi bakteria anaowapenda na hupunguza kula wale asiowapenda. Hapa ndipo pa kuzingatia sana, maana hamu inaelekezwa upande mmoja. Ujumbe hupitia kipokezi NPR-19, na seli ya neva inayonusa huwa nyepesi zaidi kuhisi harufu ya chakula kizuri. Kwa binadamu, kipokezi cha aina hiyo huitwa CB1, na ndicho kinachoguswa na bangi. Ndiyo maana mvutaji hushikwa na hamu ya kula.

Kasi ya kula hupimwaje, na makosa hutokea wapi?

Chukua minyoo waliokomaa siku hiyohiyo, wenye umri mmoja, waliolelewa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Kazia macho kinu, siyo mdomo: kila kinu kinapocheza, hesabu moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2, kisha rudia kwa minyoo kadhaa. Ukigonga sahani, mnyoo hushtuka na hesabu huharibika. Aliyetoka nje ya bakteria asihesabiwe pamoja na waliobaki ndani.

Anandamidi huyeyushwa kwenye ethanoli, kwa hiyo lazima kuwe na kundi lililopewa ethanoli peke yake, la sivyo hutajua kilichofanya kazi. Serotonini huharibiwa na mwanga, hivyo itayarishwe upya. Tena kupampu si kula: mnyoo anaweza kupampu pasipo kitu. Kiasi kilichomezwa hupimwa kwa chembe zinazong'aa zilizochanganywa na bakteria.

Je, matokeo haya yanatumika moja kwa moja kwa watu?

Hapana. Serotonini humfanya mnyoo apampu zaidi, lakini kwenye ubongo wa binadamu hupunguza hamu ya kula. Molekuli ni moja, mwelekeo ni tofauti. Dawa rimonabant, iliyoziba CB1 ili kupunguza unene, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2006. Mwaka 2008 ilisitishwa kwa sababu ya madhara ya akili, yakiwemo sonona. Kipokezi hicho kinahusika na mengi zaidi ya chakula.

Na dawa za minyoo?

Ivermektini hufungua milango ya kloridi inayoendeshwa na glutamati, yaani njia kwenye utando wa seli zinazopitisha chembe za kloridi. Kwa mnyoo wetu, misuli ya koromeo hulegea na kupampu hukoma. Binadamu hatuna milango ya aina hiyo, na kizuizi cha damu na ubongo, yaani kuta za mishipa ya damu zinazochuja vinavyoingia ubongoni, huirudisha nyuma sehemu kubwa ya dawa. Kizuizi hicho kina kikomo. Kipimo cha kawaida kwa mtu ni mikrogramu 150 hadi 200 kwa kila kilo ya uzito. Dawa ya ng'ombe au farasi imekolezwa kwa mnyama mkubwa, na anayeimeza anaweza kuchanganyikiwa, kuyumba, kupata degedege na hata kuzimia. Akipatwa na hayo apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa au pakiti ya dawa aliyotumia.