Kaburi kutitia si ishara ya laana

Kuna ujumbe unaorudi kwenye magrupu ya mitaa ya Dar es Salaam kila masika: kaburi likititia, marehemu hajaridhika, na familia iwahi kwa mganga. Si kweli. Kinachoshuka ni udongo. Tafadhali ukikufikia usiusambaze. Mfiwa anayeusoma ana uchungu wa kutosha.

Udongo uliorudishwa shimoni huwa umejaa hewa. Mvua za Machi hadi Mei huulowesha ukashuka. Baadaye viunza, yaani mbao zinazofunika mwanandani (shimo la ndani anamolazwa maiti), au kifuniko cha jeneza, huoza na kukatika, udongo wa juu ukaporomokea kwenye uwazi ule. Ndiyo maana kaburi laweza kutulia miaka kadhaa kisha likatitia kwa usiku mmoja.

Ukitaka kuhakiki, tazama makaburi ya jirani yaliyochimbwa msimu uleule. Aghalabu nayo yameshuka, ingawa waliomo ni wa koo tofauti kabisa.

Kinachotisha zaidi ni zege. Kaburi likijengewa mapema, udongo hushuka na kuacha uwazi chini ya slabu, nayo hupasuka katikati. Watu wakiona ufa ule, maneno huanza. Subirini angalau masika moja ipite kabla ya kujengea.

Wakati wa kufukia, tabaka la kwanza juu ya viunza likanyagwe taratibu kwa mguu. Yanayofuata yashindiliwe kila sentimita 20 hivi, na juu liachwe tuta. Likititia, msisimame ndani ya bonde lile. Jazeni udongo mkavu mkiwa pembeni, shindilieni kwa mti mrefu, basi.