Uvumilivu wa Mungu Maana Yake Nini?

Katika matanga fulani hapa Ujiji nilimsikia mzee mmoja ninayemheshimu akimtetea mtu anayesemwa kuwa alikula kiwanja cha mayatima. Hoja yake ilikuwa kwamba miaka mingi imepita, mtu huyo ana afya njema, nyumba yake imesimama na watoto wake wanasoma. Angekuwa na kosa, Mungu asingemvumilia. Wengi waliitikia. Hoja hiyo nimeisikia kwa Wakristo na kwa Waislamu, mwaloni Kibirizi na sokoni Mwanga, na kila mara neno "uvumilivu" linabebeshwa mzigo usio wake.

Uvumilivu wa Mungu ni kuizuia kwa muda hukumu ambayo mkosaji amekwisha kuistahili, ili apate nafasi ya kutubu. Ukiiondoa hukumu, hakuna kinachozuiwa. Ukiiondoa toba, hakuna kinachongojewa.

Tatizo linaanzia kwenye kitenzi chenyewe. Sisi huvumilia jino, njaa na joto la mwezi wa tisa, yaani mambo ambayo hatuna uwezo wa kuyaondoa. Ayubu alivumilia kwa namna hiyo, na Waraka wa Yakobo unapomtaja katika sura ya 5 unatumia neno la Kiyunani hupomone, ambalo asili yake ni kubaki chini ya mzigo. Lakini katika Warumi 2:4, Paulo anapouliza kama msomaji anaudharau wingi wa wema wa Mungu "na ustahimili wake na uvumilivu wake, usijue ya kuwa wema wa Mungu wakuvuta upate kutubu", neno lililotafsiriwa uvumilivu ni makrothumia, lililoungwa kwa "refu" na "hasira". Nalo linafuata nyayo za Kiebrania cha Kutoka 34:6, ambako Mungu anaitwa erekh apayim, neno kwa neno "mrefu wa pua", kwa kuwa kwa Kiebrania pua na hasira ni neno moja. Watafsiri wetu walisema "si mwepesi wa hasira", na walisema vema. Sisi pia humwita mtu mwenye kufoka upesi kuwa ana hasira za karibu. Basi tungeweza kusema kwamba hasira za Mungu ni za mbali. Zipo, ila safari yake ni ndefu, na anayeirefusha ni yeye mwenyewe, mwenye uwezo wote wa kuifupisha. Hapo ndipo anapoachana na mgonjwa wa jino.

Neno lile jingine, ustahimili, kwa Kiyunani ni anokhe, ambalo lilitumika pia kwa mapatano ya kusimamisha vita kwa muda. Mapatano ya namna hiyo si amani, na askari aliyeyadhania kuwa amani alijitia hatarini.

Hata hivyo, neno ninalolipenda zaidi tunalo wenyewe, tulilipata kutoka Kiarabu, nalo ni muhula. Watoto wetu wanalijua kama kipindi cha masomo, lakini asili yake ni kupewa nafasi, kutoharakishwa. Aya ya mwisho ya sura ya 86 ya Kurani inatumia mzizi huo huo kuagiza kwamba wakanushaji wapewe muhula, na sura ya 35 aya ya 45 inaeleza kwamba lau Mungu angewachukulia watu kwa waliyoyachuma, asingeacha kiumbe juu ya ardhi, lakini anawachelewesha mpaka muda uliowekwa. Masheikh wana msemo wa Kiarabu unaochezea herufi, kwamba Mungu yumhil wa la yuhmil: hutoa muhula, wala hapuuzi. Mwanafunzi yeyote anajua kwamba muhula una siku ya kufunga.

Toba nayo, kwa Kiarabu, ni kurudi, kama ilivyo kwa kitenzi cha Kiebrania ambacho manabii walikitumia kuwaita watu watubu. Kwa hiyo muhula ni umbali ulioachwa wazi ili mtu apate njia ya kurudia. Watu wa Ninawi walipewa siku 40 wakarudi, na Yona akakasirika akisema alijua tangu mwanzo kwamba Mungu si mwepesi wa hasira. Yeye alilielewa neno hili kuliko wengi wetu, ingawa hakulipenda.

Katika Luka 13 mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta tunda kwenye mtini, na mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutilia samadi. Sisi wa Kigoma tunaopanda michikichi tunajua kungoja miaka mitatu au minne kabla ya mkungu wa kwanza, na tunajua pia kwamba anayengoja bila kupalilia huitwa mvivu. Kungoja kwa Mungu kuna jembe ndani yake. Yesu hakusema mti ule uliishia wapi, nami nadhani aliuacha mwisho wazi kwa makusudi.

Wapo pia wanaouchanganya uvumilivu na msamaha. Mwenye duka ambaye hajakudai hajaichana karatasi ya daftari lake. Jina lako limo, na kiasi kimo. Msamaha hulifuta deni, uvumilivu huliacha wazi ukimpa mdaiwa siku za kuja mwenyewe.

Kwa hiyo ningemwomba mzee wangu, kwa heshima zote, abadilishe maneno machache tu. Badala ya kusema kwamba Mungu amemvumilia jirani yake na kwa hiyo hana kosa, aseme kwamba Mungu amempa muhula, kisha amwendee nyumbani kwake jioni moja wazungumze habari za kile kiwanja, maana mayatima wenyewe bado wanaishi kwenye chumba cha kupanga.