Tangi la samaki likivuja, usianze na silikoni

Mimi kazi yangu ni kutengeneza matangi ya samaki, na simu za usiku karibu zote zinafanana: fundi nimekuta maji sakafuni, nipake silikoni gani? Nami nauliza kwanza, umeshajua yanatokea wapi? Maana matangi mengi ninayoitiwa hayavuji kabisa, unakuta mpira wa filta umelegea kwenye kiungio, au mfuniko unadondosha matone kwa nje, au kile kimpira cha pampu ya hewa kinanyonya maji kuyarudisha nyuma umeme ukikatika kwa sababu pampu imekaa chini ya usawa wa maji na hakuna valvu ya kuzuia. Halafu tangi la watu linakwanguliwa bure.

Kwa hiyo kabla ya yote zima umeme, na kama maji yamefika kwenye soketi usiiguse, kazime swichi kubwa. Halafu kausha tangi kwa nje, kausha haswa, tandika tishu kuzunguka kitako chote, usubiri. Tishu itakuonyesha upande, ila usiiamini peke yake, maji yanatambaa jamani, yanaweza kutokea kona ya juu kushoto yakafuata ukingo wa chini yakadondokea kulia. Ninachofanya mimi ni kupiga mstari wa maka peni kwenye kioo pale maji yalipo, narudi baada ya saa moja, napiga mwingine. Maji yakishuka mpaka mahali fulani yakagoma, basi tundu liko usawa huo huo. Yakiendelea mpaka chini, ni mshono wa kitako.

Wakati unasubiri shughulikia samaki. Ndoo safi ambayo haijawahi kuonja sabuni, uijaze maji ya tangi lenyewe, hita na kijiwe cha hewa ndani, funika. Na hapa ndipo roho inaniuma, maana samaki wengi niliokuta wamekufa hawakuuawa na kuvuja, waliuawa na sponji ya filta iliyoachwa ikauke au iliyooshwa bombani. Kwenye ile sponji ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti halafu naitreti, wakikauka au wakipigwa na klorini ya maji ya bomba wanakufa, na siku chache baadaye samaki wanaanza kutweta juu ya maji. Sponji iingie ndoo ile ile, hewa ikipita.

Tangi usilibebe likiwa na maji, hata robo. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 ni zaidi ya kilo 200 ukiweka na vioo na changarawe, na ukilinyanyua upande mmoja mishono inajipinda, ulikuwa na tundu moja unashuka nayo matatu.

Sasa silikoni. Watu wanapaka mpya juu ya ya zamani, kwa haraka tu, na wiki mbili baadaye maji yale yale. Silikoni mpya haishikani vizuri na iliyokwisha kukomaa, inashika kioo kitupu. Ndiyo maana lazima ukwangue mshono wote wa ndani kwa wembe, sio pale penye tundu tu, kisha ufute kwa asetoni au spiriti mpaka kidole kikipita kioo kinalia. Ule mwembamba uliobanwa katikati ya vioo viwili usiuguse, ndio unaoshikilia tangi, ila ukiuona una mapovu au umeachia, hapo kuziba ndani hakutoshi, tangi lifumuliwe lijengwe upya. Na kioo chenye ufa mimi sizibi kabisa, natoa nabadilisha.

Nunua silikoni tupu, asilimia 100, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Zile za bafuni nyingi zina hiyo dawa, ni sumu kwa samaki. Inayofaa kwa kawaida inanuka siki ukiibinya, lakini harufu isikutoshe, soma chupa. Bandika selotepu ya karatasi pande zote mbili, paka mstari mmoja usiokatika, pitisha kidole mara moja, toa selotepu ikiwa bado mbichi. Usirudirudie, silikoni inaanza kufanya utando juu ndani ya dakika chache tu.

Chupa itasema saa 24, mimi nasubiri siku 7. Silikoni haikauki kama rangi, inakomaa kwa kunyonya unyevu wa hewani, kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo juu unaweza kugusa ukaona imeiva kumbe tumboni bado mbichi na harufu ya siki bado ipo. Harufu ikiwepo, subiri.

Kujaribu, liweke mahali pasipo na neno pakilowa, pawe sawasawa kabisa, jaza theluthi, lala nayo usiku mmoja, ongeza, mpaka lijae likae siku mbili na tishu chini. Na pima kile kistuli chake kwa pima maji, kile kifaa cha mafundi cha kuangalia kama kitu kimelala sawa, kabla hujalirudisha, kama kimeinama upande mmoja ndicho kilichofungua mshono na kitaufungua tena.

Samaki warudi na sponji yao ile ile, lishe kidogo, pima amonia kila siku wiki ya kwanza, ikionekana toa robo ya maji uweke mengine yaliyotolewa klorini.